Pindo la Kikwembe cha Uholanzi

Berea, Johannesburg
16 Machi 2025

Dada Chloé,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Wewe ndiye unayestahili kulijua kwanza, kwa sababu kitu chenyewe kinakuja kwenu, na mama yako ndiye atakayekivaa. Nimekata pindo la kikwembe chake, kile kitenge cha mahari.

Nakueleza kwa utaratibu. Mwalimu wetu wa Uchumi alitupa kazi: kila mmoja achague nchi iliyoendelea, atengeneze bango kuhusu biashara yake ya nje, inauza nini na inanunua nini. Wenzangu walichagua Marekani na Japani. Mimi nilichagua Uholanzi, kwa sababu tangu nikiwa mdogo nasikia akina mama kanisani wakisema "hiki ni cha Uholanzi" kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja mshahara wake.

Mwalimu alisema atakayeleta bidhaa yenyewe ataongezewa alama. Dukani kwa Mama kuna makapu ya vipande, lakini vyote ni vya kuiga, na pembeni vina maandishi yaleyale ya kusema ni vya Uholanzi. Shuleni hakuna ambaye angejua tofauti. Ningejua mimi. Nilitaka kazi yangu iwe ya kweli.

Kwa hiyo siku Mama alipokuwa kwenye mazoezi ya kwaya, nilivuta sanduku la mahari chini ya kitanda. Kilikuwa juu kabisa, kile cha buluu chenye funguo za njano, ambacho Mama alishona sare za kwaya mbili nzima ndipo akakipata. Maandishi ya kiwanda yamechapwa kwenye pindo la upande mmoja tu. Nilitaka kipande cha urefu wa kiganja. Lakini kipande kikitolewa katikati kinaacha pengo, na mimi ni mtoto wa fundi, najua jicho la mtu linaenda wapi. Basi nikakata pindo lote, mwanzo hadi mwisho, kwa mstari mnyoofu, nikapitisha ukingo kwenye ovaloki ya Mama ili nyuzi zisifumuke. Nikakikunja kama kilivyokuwa. Lile pindo nikalizungusha kwenye bango kama fremu.

Nilipata alama tisini na sita. Bango limetundikwa kwenye korido, karibu na ofisi ya mwalimu mkuu.

Jana Baba mdogo Ignace alikuja kupanga safari. Tangu Baba afariki yeye ndiye anayesimama mahali pake, na yeye ndiye atakayeleta mahari kwenu, kwa kuwa bwana harusi mwenyewe, Kaka Emery, haruhusiwi na karatasi zake za ukimbizi kuvuka mpaka. Alimwambia Mama kwamba wanawake wa upande wenu husoma pindo kabla hata ya kugusa kitambaa. Mama akacheka, akasema wasome tu, tumewapa cha kusoma. Nilikuwa naosha vyombo. Sikugeuka.

Niambie nifanye nini. Ukimwambia mama yako mapema, pengine hatashtuka.

Mdogo wako,
Murielle

(Sikuituma. Niliikunja nikaiweka ndani ya kitabu cha Uchumi, sura ya saba. Siku hiyohiyo niliandika hii inayofuata, na ndiyo uliyoipata.)

*

Berea, Johannesburg
16 Machi 2025

Dada Chloé,

Aksanti kwa barua yako. Kondakta wa basi alimpa Mama pale Park Station, ikiwa imekunjwa ndani ya gazeti kama samaki mkavu.

Unauliza kwa nini nikipewa simu nakaa kimya mpaka Emery ananinyang'anya. Ulimi wangu hukwama nikizungumza na mtu ambaye siuoni uso wake, na wakati mwingine hata nikiuona. Kwenye karatasi haukwami. Mwalimu Lois, yule Mkenya anayetufundisha Kiswahili kanisani kila Jumamosi, anasema barua zangu ni ndefu kuliko insha zangu.

Maandalizi yanakwenda vizuri. Vikwembe vyote sita viko sandukuni, pamoja na cha Uholanzi cha mama yako. Baba mdogo Ignace atapanda basi baada ya Pasaka. Kaka Emery bado analinda lile duka la jumla kule Diepsloot, na walinzi wenzake wameacha kumwita kwa jina, wanamwita Bwana Harusi. Anajifanya kukasirika.

Mimi nilifanya kazi ya shule kuhusu biashara ya nje ya Uholanzi, nikapata alama nzuri. Ulijua kwamba nchi ile hailimi pamba? Kitambaa kinaingia kikiwa cheupe, kinatiwa nta na rangi, kinatoka tena kuja Afrika, na wao wenyewe hawakivai. Karibu nusu ya bidhaa wanazouza nje ziliingia kutoka nje vilevile. Zinashuka bandarini, zinapanda tena. Nilifikiri utapenda kuwaambia wanafunzi wako.

Mdogo wako,
Murielle

*

Lubumbashi
6 Aprili 2025

Wifi yangu msomi,

Nimeisoma barua yako mbele ya darasa langu la tano, ile sehemu ya Uholanzi tu, usiogope. Mtoto mmoja akauliza, kama hawakivai kwa nini wanakitengeneza. Kabla sijafungua mdomo, mwenzake akamjibu, "Kwa sababu mama yako anakivaa." Wakaanza kusukumana. Somo likaishia hapo.

Nikuambie kitu ambacho Emery hakijui. Mama yangu hajawahi kuvaa cha Uholanzi. Amevaa vya kuiga maisha yake yote, na kila tukienda harusini anakaa ukutani ili pindo lisionekane. Tangu asikie kwamba kipo kwenye sanduku lenu, ameshamwita fundi mara mbili kupimwa, na kitambaa chenyewe hakijafika. Anasema atakivaa siku ya kunisindikiza kwenye basi la kuja kwenu, na watu wa mtaa watoke nje waone.

Nacheka ninapoandika, lakini jana nilimkuta ameketi peke yake anafanya mazoezi ya kufunga kilemba.

Mwambie Emery nilimsubiri miaka sita bila suti, kwa hiyo aache kujinyima chakula ili anunue suti ya harusi.

Dada yako,
Chloé

*

Lubumbashi
28 Aprili 2025

Murielle,

Utakuwa umesikia kwa simu, lakini kwa simu watu wanapiga kelele. Nakuandikia taratibu.

Juzi Jumamosi baba yako mdogo alizungumza vizuri sana. Wazee walimpenda. Baba yangu alimcheka kwa shati lake la mikono mirefu kwenye joto hili, naye akasema Johannesburg imemzoesha baridi ya watu. Kila kitu kilipokelewa. Kisha sanduku likafunguliwa, na vikwembe vikapitishwa kwa wanawake.

Shangazi Masika, dada yake Baba, anauza vikwembe sokoni miaka thelathini. Alikichukua kile cha buluu, hakukitazama, alitafuta pindo kwa kidole gumba huku akizungumza na jirani. Akaacha kuzungumza. Akatafuta upande wa pili. Akakikunjua chote mapajani, akapitisha mkono mwanzo hadi mwisho, halafu akamwambia baba yako mdogo kwa upole, upole wenyewe ndio ulitisha:

"Mzee, pindo mmeliacha wapi?"

Baba yako mdogo hakuelewa swali. Shangazi akawaonyesha wote. Pindo limekatwa na ukingo umeshonwa. Akasema kuna mambo mawili tu. Ama ni cha kuiga, na mwenye kukileta amekata mahali ambapo uongo ungeonekana, ama ni cha kweli lakini fundi alikuwa ameanza kukishona kwa ajili ya mwanamke mwingine, akakiacha, kikaletwa kwa mama wa bibi harusi. Akawaomba wazee wachague tusi lipi ni dogo.

Mama yangu alisogea akakaa ukutani. Alikuwa amevaa kilemba kipya.

Wewe unasoma kila kitu, hata maandishi ya chini ya sahani. Nakuuliza peke yako. Kikwembe kile kilikuwa cha kweli? Emery alijua?

Chloé

*

Berea, Johannesburg
11 Mei 2025

Dada Chloé,

Kilikuwa cha kweli. Nakuapia. Nilikiona kabla hakijaondoka, na Mama hawezi kukosea kitambaa. Kaka Emery hakujua lolote.

Hapa nyumbani mambo si mazuri. Baba mdogo Ignace aliporudi, Emery alimngoja mlangoni. Alimwambia kwamba basi lililala siku mbili Kasumbalesa mpakani, na pale mpakani kila kitu kina mnunuzi, na cha kuiga cha kubadilishia hakikosekani. Baba mdogo aliweka mkoba chini, akauliza anamaanisha nini. Emery akasema, "Kiliondoka hapa kizima, Baba mdogo. Njiani mlikuwa wawili tu, wewe na sanduku." Mama alimwambia Emery aombe msamaha. Hakuomba. Amehamia Diepsloot, anakaa na mlinzi mwenzake. Kanisani wazee wamemwambia Baba mdogo Ignace apumzike kwanza kukaa kwenye benchi la mbele, mpaka neno hili liishe. Anakaa nyuma, karibu na wanaochelewa.

Mimi nafikiri ni kasoro ya kiwanda. Nilisoma wakati wa ile kazi ya shule kwamba viwanda vingine hukata pindo kabla ya kusafirisha, kitambaa kikiwa cha mzigo wa mwisho. Mwambie Shangazi Masika hivyo. Mweleze kwamba ni jambo la kawaida katika biashara ya nje.

Mdogo wako,
Murielle

*

Lubumbashi
8 Juni 2025

Murielle,

Nilimwambia. Shangazi alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akaniita dirishani penye mwanga, akanionyesha mshono wa ule ukingo. Ni wa nyuzi tatu, mbili nyeupe na moja ya kijani. Akasema, "Kiwanda cha Uholanzi hakiishiwi uzi mweupe. Hii ni ovaloki ya fundi wa mtaani." Na mkato, akasema, haukuyumba hata mara moja. Aliyekata ana mkono mzuri.

Ninajua kwamba mama yako ni fundi. Ninajua pia kwamba mama yako si mjinga.

Jambo limekuwa kubwa kuliko kitambaa. Baba yangu alikuwa tayari kulisahau. Alisema anaoza binti, hauzi duka. Lakini wiki iliyopita Emery alimpigia simu, akitaka kusafisha jina la nyumba yenu, akamwambia waziwazi kwamba mwizi ni baba yake mdogo na kwamba ataleta kikwembe kingine kwa mkono wa mtu mwaminifu. Baba alikata simu bila kuaga. Akaniambia, "Mtu huyu ni yatima, na huyu mzee alivaa shati la mikono mirefu kwenye joto ili amsimamie. Kama anamwita mwizi mbele yetu, siku moja atakuita nani wewe?"

Nimeomba muda. Baba amenipa mpaka mwisho wa mwezi huu. Murielle, kama kuna mtu kwenu anajua mkasi ulipita wapi, aseme. Hata kama ni jambo la aibu. Aibu ya kitambaa tunaiweza. Nikipata neno moja tu la kumwonyesha Baba kwamba mzee Ignace hakuiba na Emery alikosea kwa uchungu, nitajua pa kuanzia.

Nijibu kabla ya tarehe 30. Basi linachukua siku nne.

Chloé

*

Lubumbashi
13 Julai 2025

Murielle,

Hukujibu. Nilikwenda kituoni mara tatu, kondakta akanijua kwa jina.

Imekwisha. Baba amewarudishia sanduku kwa mkono wa dereva wa lori. Vikwembe vitano vimo. Cha buluu hakimo, kwa sababu Shangazi alikuwa ameshakiuza sokoni kama cha kuiga, kwa mwanamke aliyekuwa anapita kwenda Likasi. Mama ndiye aliyemwomba akitoe nyumbani. Alisema hataki kukiona.

Emery alinipigia. Simlaumu kwa kikwembe. Namlaumu kwa mzee, naye anasema bado kwamba alikuwa sahihi, na kila akisema hivyo naona anazidi kwenda mbali.

Septemba nahamia Kolwezi, kuna shule imenipokea. Sijui kwa nini hukujibu. Nilidhani tulikuwa tunaandikiana kweli.

Chloé

*

Berea, Johannesburg
3 Agosti 2025

Dada Chloé,

Juu ya barua hii nimeweka ile ya Machi ambayo sikuituma. Isome kwanza, halafu rudi hapa.

Ni mimi. Uzi wa kijani ulikuwa wa sare za kwaya, Mama alikuwa hajaubadilisha. Hakuna kiwanda kinachokata pindo, nilibuni. Barua yako ya Juni niliipata tarehe 12. Nilijiambia kwamba nina mitihani. Mtihani wa Uchumi ulikuwa na swali kuhusu bidhaa zinazoingia nchini ili zitoke tena, nikaandika kurasa tatu bila kuinua kichwa, na nilipomaliza nilikumbuka kwamba ilikuwa tarehe 26 na basi linachukua siku nne. Siku hiyo bado kulikuwa na nafasi. Nakuandikia jambo hili bila kulipamba: nilijua kwamba kuna nafasi.

Kila siku ya shule, kwa miezi mitano, nilipita mbele ya lile bango. Wageni wa mwalimu mkuu husimama kulitazama. Mara moja nilimsikia mmoja akisema fremu ni nzuri.

Sikuombi unisamehe katika barua hii. Nataka tu kukuambia nilichofanya baada ya kusoma yako ya mwisho.

Jumatatu iliyopita nilifika shuleni mapema, nikalishusha bango. Mwalimu wa Uchumi alinikuta kwenye korido akauliza nafanya nini. Nilimwambia kwamba fremu si yangu. Ilinichukua muda kuitoa sentensi hiyo. Alinishikia upande mmoja ili lisichanike.

Nyumbani nililoweka pindo kwenye beseni la maji ya vuguvugu mpaka gundi ikaachia. Yamebaki madoa, lakini maandishi yanasomeka. Nililinyoosha kwa pasi, nikaliviringisha, nikaenda mjini kwa miguu, kwenye meza ya Baba mdogo Ignace ambapo anauza mikoba ya safari.

Alikuwa anabishana na mteja kuhusu zipu. Nilingoja. Mteja alipoondoka nilimpa lile pindo, kwa sababu maneno hayakutoka. Alilivuta polepole kati ya vidole, lote, mpaka mwisho, akalitazama, akanitazama. Ndipo nikasema. Nilikwama mara nyingi, na yeye hakunimalizia neno hata moja, kama watu wengine wanavyofanya.

Nilipomaliza akauliza, "Mama yako anajua?"

Nikasema bado.

"Basi twende," akasema, akafunika meza saa kumi alasiri, kabla wateja wa jioni hawajafika. Tulipofika kwenye robot ya pili, wakati tunangoja taa za barabarani zituruhusu kuvuka, akasema, "Nilijiuliza hata mimi kama nililala fofofo pale mpakani." Hicho ndicho alichosema.

Mama alizima cherehani. Aliangalia pindo, kisha akaangalia ovaloki yake, kisha mikono yangu. Hakunipiga. Alisema kwamba alimfundisha Emery kusema na mimi kushona, na kwamba alikosea kote kuwili. Tangu siku hiyo hajanipa mkasi. Ananipa vifungo.

Diepsloot nilikwenda peke yangu. Baba mdogo alikataa kunisindikiza, alisema kule mwenye neno ni mimi. Emery alikuwa ametoka zamu, bado amevaa sare. Alisikiliza akiwa amesimama. Alisema "eish" mara moja, akaketi kwenye kreti la soda mbele ya spaza, kiduka cha mtaani, akavua kofia. Nilidhani atanifokea. Aliuliza tu, "Chloé anajua?" Nikasema nitakuandikia. Akasema nisiandike chochote kwa niaba yake, kwa sababu aliyoyasema kuhusu Baba mdogo aliyasema yeye, hakuna aliyemkatia pindo la mdomo. Jioni ile alikwenda kwa Baba mdogo. Sijui walizungumza nini. Najua kwamba alirudi Diepsloot na kwamba hajahamia nyumbani.

Leo kanisani, ulipofika wakati wa shuhuda, nilisimama. Mwenye kuongoza ibada alidhani nimekosea, akaniashiria niketi, kwa sababu sijawahi kusimama. Sikuketi. Nilisema jina langu. Nilisema, "Baba mdogo Ignace hakuiba kikwembe. Mimi ndiye niliyekata pindo, kwa ajili ya alama za shule, na nilikaa kimya." Ilikuwa sentensi mbili tu na ilichukua muda mrefu, watoto wa mbele walianza kunihesabia sekunde. Hakuna aliyesema amina. Baada ya wimbo, wazee wawili walikwenda nyuma wakamwinua Baba mdogo, wakamleta mbele. Aliketi akiangalia sakafu.

Sikuweza kukirudisha kikwembe. Nimefikiria kuhusu yule mwanamke wa Likasi, ambaye amevaa cha kweli na hajui, na kuhusu mama yako, ambaye angejua. Nakutumia pindo. Mwonyeshe baba yako, ili amjue mzee aliyempokea. Mwonyeshe Shangazi Masika, atasoma mwenyewe. Mama yako usimwonyeshe, ila kama ataomba.

Baada ya ibada nilikwenda Park Station, nikanunua bahasha kubwa pale, nikamalizia barua hii nikiwa nimeketi kwenye mizigo ya watu. Kondakta amenitambua. Nitampa sasa hivi, kisha nitarudi Berea kwa miguu. Kuna mashati kumi na mawili ya kwaya yananingoja, na kila moja lina vifungo saba.

Murielle